Herufi Kubwa Nyumbani Makomeno

Waliponinyang'anya Biblia walifanya hivyo kwa upole, na ndiyo maana nilichelewa kukasirika.

Ilikuwa Jumamosi alasiri kwenye jumuiya yetu hapa Makomeno, mjini Lubumbashi. Jumuiya ni familia chache za Kikatoliki za mitaa iliyo jirani. Tunakutana kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Tunaimba, tunasoma somo la Jumapili inayofuata, kisha kila mtu anasema lililomgusa. Msomaji nilikuwa mimi. Nilianza kusoma nikiwa bado mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu akiwa hai, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mimi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini, upande wa Kabalo. Katika kambi ya reli tulikokulia, mtoto aliyejua kusoma aliwasomea wa nyumbani kwake na majirani pia. Sauti yangu ilizoea kazi hiyo mapema.

Siku ile mstari ulinipotea. Maneno ya pembeni niliyaona, lakini katikati ya ukurasa palikuwa na doa, kama mtu amebonyeza kidole chenye mafuta kwenye karatasi. Nikisogeza macho, doa linasogea nayo. Nikakisia neno moja. Nikakisia la pili. Mtu akakohoa. Ndipo mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu ukarani wa mgodini, ambaye sote tunamwita Papa Président, akainuka, akapitisha mikono chini ya Biblia kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akainyanyua kutoka mikononi mwangu.

"Madame, umetumika sana," aliniambia. Wengi huniita Madame hadi leo, kwa sababu ya ualimu. "Sasa upumuzike. Bengine batasoma."

Watu wakapiga makofi. Wakanitafutia kiti chenye mikono, wakanikalisha mbele kama bibi harusi. Nami nikatabasamu, nikashukuru. Niliondoka pale nikishikwa mkono na mama mmoja, nikafika kwangu, nikafunga mlango, nikaketi kitandani. Hapo ndipo hasira ilipofika. Ilifika nzima, na mpaka leo haijaondoka yote.

Daktari alikuwa ameshaniambia. Sehemu ya katikati ya jicho inachakaa, macho yote mawili, na miwani haisaidii. "Hautakuwa kipofu kabisa, Mama," alisema. "Utaona mlango, utaona bantu. Sura za bantu njo zitakusumbua. Na kusoma." Kwa Kiswahili cha hapa bantu ni watu, njo ni ndiyo. Hilo la kusoma alilitamka kama nyongeza, kama vile muuza duka anavyokukumbusha kwamba hana chenji.

Binti yangu alikuwa na dawa yake. Anaishi Kasungami, pembezoni mwa mji, ana nyumba, shamba la mahindi na kuku. "Mama, kuya tuikale wote," aliniambia, yaani njoo tukae pamoja. "Kule utapumuzika."

Neno lile lile. Nilimwambia kwamba nikitaka kupumzika makaburi yapo, hayana haraka. Hakupenda jibu hilo, na sikumlaumu. Lakini siku chache baadaye alikuja na kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyoondolewa kwenye ofisi anakofanya kazi ya ukatibu. Alitaka nizione picha za wajukuu kwa ukubwa. Aliiweka sebuleni kwenye meza ya chakula, akaiwasha, akanionyesha uso wa mjukuu wangu umejaa kioo kizima. Niliyaona meno yake. Nilikuwa sijaona meno ya mtu kwa muda mrefu.

"Ikiwa jino inaweza kuwa kubwa hivi," nilimuuliza, "herufi je?"

Hakujua. Aliyejua ni jirani yangu.

Jirani huyu ni mama wa Butembo, mashariki ya mbali, mfanyabiashara wa jumla, mwenye malori mawili yanayopanda na kushuka kupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Ni Mprotestanti, tena wa wale wasiotikisika. Tangu ahamie mtaani kwetu tulikuwa tunasalimiana kwa heshima juu ya ukuta, yeye akiniita yaya kwa sababu nimemzidi umri, mimi nikimwita mama. Siku ile alikuja kuniletea unga wa muhogo, akaiona kompyuta mezani, akauliza naifanyia nini.

"Ninaangalia meno," nilimjibu.

Alicheka, kisha nikamweleza yote: doa, kiti chenye mikono, makofi. Alinisikiliza bila kunionea huruma, jambo ambalo nililiona mara moja. Akaniambia kwamba yeye Biblia yake ya karatasi huiacha nyumbani. Kule Kasumbalesa, foleni ya malori ikigoma kusogea na mawakala wa forodha wakipita na karatasi zao, yeye hukaa ndani ya gari na kompyuta yake ndogo ya kubeba, anasoma Biblia humo. Ni programu. Unaiweka mara moja, nayo haihitaji tena intaneti.

"Inakuwa ya nani?" nikauliza. "Unalipa kila mwezi?"

"Yaya, haiombe kitu. Bantu baliitengeneza, bakaiachia bantu bengine. Kuko bitabu bya maelezo byenye banauzisha, bile tunaacha. Bible yenyewe iko bure."

Kesho yake alikuja na kile kifimbo kidogo cha kuhifadhia mafaili, tunachokiita klé, akakichomeka ubavuni mwa mashine. Tulingoja huku tukila karanga. Kisha ukatokea ukurasa uliogawanyika: upande mmoja Biblia ya Kiswahili, upande mwingine ya Kifaransa, mstari ukitazamana na mstari. Akanishika mkono, akaweka vidole vyangu viwili juu ya vitufe viwili vya kibodi. "Bonyeza. Tena. Tena."

Herufi zikakua. Zikakua kama unga unavyoumuka. Zikawa nene kama kidole, kisha nene kama dole gumba. Akageuza rangi: ukurasa ukawa mweusi, maandishi yakawa ya manjano. Nikasogea, nikageuza kichwa kidogo upande, kama kuku anavyotazama, na neno likaingia kwenye ile sehemu ya jicho ambayo bado ni yangu. Nikalisoma. Nikasoma lililofuata. Nilisoma sura nzima kwa sauti, polepole, na jirani yangu Mprotestanti akaitikia amina mahali ambapo kwetu hatuitikii.

Nilipomaliza nilisema, "Papa Président atanitambua."

"Hiyo haiko sala, yaya," alinionya.

"Najua."

Kujifunza mashine yenyewe kulinichosha kuliko nilivyotaka mtu yeyote ajue. Kishale cha kwenye kioo kilikuwa kidogo kama mchwa na kilinikimbia. Nilifunga kurasa bila kukusudia. Niliwahi kubonyeza kitu nikapata maandishi ya Kigiriki kioo kizima, nikaketi mbele yake asubuhi yote nikisubiri jirani arudi kutoka mpakani. Umeme ndio ulikuwa adui mkubwa zaidi. Hapa kwetu unaweza kuondoka ukiwa katikati ya neno. Jirani akaniletea betri iliyotolewa kwenye lori lake pamoja na kifaa cha kugeuza umeme, akaviweka chini ya meza, na tangu siku hiyo, umeme ukikatika mtaa mzima, kwangu herufi zilibaki.

Programu ina sauti pia. Unaiamuru isome, inasoma. Kifaransa inakisoma vizuri, kama mtangazaji. Kiswahili haikijui, inakisoma kwa mdomo wa Kifaransa, kila "u" inatoka imebanwa midomo, hata jina la Mungu linatoka kama mtu anapuliza chai ya moto. Nilicheka peke yangu hadi nikatokwa na machozi. Kisha nikaizima. Sauti ninayo.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni sehemu ya kutafuta. Unaandika neno, programu inakuletea kila mahali lilipo, kuanzia mwanzo wa Biblia hadi mwisho. Mimi mwalimu niliyezoea kulowesha kidole na kufunua kurasa, nilikaa pale kama mtoto aliyefunguliwa ghala. Neno la kwanza nililolitafuta lilikuwa "kipofu". Nilidhani nitapata faraja. Nikakuta vipofu wanaoomba njiani, vipofu wanaoponywa, vipofu wanaotajwa kama mfano wa watu wasiotaka kuelewa. Sikumkuta hata mmoja ambaye amebaki kipofu na watu wanamsikiliza. Huenda yupo, macho yangu hayakumfikia. Nilikasirika. Nikafuta neno lile, nikaandika "simama". Hayo niliyasoma siku nzima.

Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwangu, nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga viti vyote kutazama meza ya chakula. Watu waliingia, wakaikuta kompyuta imewaka, wakadhani nitawaonyesha video ya harusi. Baada ya wimbo, yule aliyewekwa kusoma mahali pangu alianza kuinuka na Biblia yake. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya kioo. Nikasoma somo lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukisia neno. Nyuma yangu nilisikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Anaona!"

Papa Président hakupiga makofi. Alisogea karibu na kioo, akavaa miwani yake, akatazama orodha ya vitabu iliyo pembeni. Alitazama kwa muda mrefu. Mtu wa ukarani anajua kutazama orodha.

"Madame, hii Bible umetosha wapi?" Yaani nimeitoa wapi.

"Kwa jirani."

"Ule wa ku Butembo? Mu-Protestant?"

"Ndiye."

"Basi uangalie muzuri. Kuko bitabu bya kwetu habiko. Ni Bible ya kukatwa. Unatuletea Bible ya kukatwa mu jumuiya ya ba-Catholiques, unatusomea." Hakupaza sauti, hapazi sauti kamwe. "Tutaendelea na ya karatasi."

Waliendelea na ya karatasi. Walipoondoka, nilirudi kwenye kioo nikashuka na ile orodha, jina baada ya jina. Alikuwa na haki. Vile vitabu ambavyo Wakatoliki tunavyo na Waprotestanti hawana, havikuwamo. Nilikuwa nimefurahia herufi hata sikutazama zimeandika nini na zimeacha nini. Hilo liliniuma zaidi ya kiti chenye mikono, kwa sababu kwenye kiti hakuwa na haki na hapa alikuwa nayo.

Nilivuka kwa jirani kabla hajapanda gari kwenda mpakani. Nilimwambia bila kuzunguka: "Bible yako ina mashimo."

Ni mtu wa imani yake, na nilikuwa nimeigusa. Akasema, "Yaya, kwetu bile bitabu hatubisomake. Pastere wangu akisikia ninabitafuta, atanishangaa. Lakini miye nilikupatia Bible. Siwezi kukupatia kintu na mashimo kama kwako iko mashimo."

Akavitafuta. Ile programu ina maktaba yake: tafsiri nyingine, kamusi, ramani, ambazo mtu anaweza kuziongeza bila malipo. Alizipitia akiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambako mtandao unashika vizuri, na aliporudi alichomeka tena kifimbo chake. Akaniletea tafsiri ya Kikatoliki ya Kifaransa, ya zamani sana, ambayo haina tena mwenyewe wa kudai haki. Vitabu vyote vilikuwemo.

"Ya Kiswahili?" nikamuuliza.

"Ya Kiswahili na bile bitabu sikuipata. Nilitafuta sana."

Jumuiya yetu ina akina mama ambao Kifaransa ni cha kusalimia tu. Kuwapelekea Biblia kamili ya Kifaransa ni kuwapelekea Biblia ya kukatwa kwa namna nyingine. Nilikaa na jambo hilo nikipika, nikifua, nikigeuza kichwa upande kutazama jua. Kisha nikafungua ile sehemu ya programu inayokuruhusu kuandika maelezo yako mwenyewe kando ya kila mstari, nikaanza kuandika. Mstari wa Kifaransa, kisha chini yake mstari wa Kiswahili. Na kwa kuwa nilikuwa naandika peke yangu bila mtu wa kunisahihisha kwa kalamu nyekundu, Kiswahili kilichotoka kilikuwa chetu, kile cha Lubumbashi.

Hapa lazima niseme kitu. Ukurasa huu ninauandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu ninataka usomwe mbali, na nimekifundisha maisha yangu yote. Lakini si hicho nilichotongozewa nacho. Si hicho nilichowanyamazishia watoto wakilia, si hicho nilichomlilia mume wangu siku ya msiba. Nilipopiga magoti sikuwahi kumwambia Mungu asubiri nitafute ngeli. Sasa nani aliyeamua kwamba Yeye anaweza kunisikia kwa lugha yetu ila hawezi kunijibu kwayo?

Nilianza na kimojawapo cha vile vitabu vilivyokosekana, kitabu cha mzee aliyepofuka kwa mavi ya ndege, ambaye mwanawe anasafiri safari ndefu akisindikizwa na mgeni. Nilikichagua kwa makusudi. Akina mama wa jumuiya walisikia, wakaanza kuja, alasiri mbili kila wiki, kila mmoja na kiti chake cha plastiki. Nilisoma Kifaransa kwenye kioo, nikakigeuza, wao wakakosoa. "Hapana, Madame, hivyo hatusemake." "Sema tena." Tuligombana juu ya maneno zaidi kuliko tulivyowahi kugombana juu ya michango ya harusi.

Mle ndani kuna mahali ambapo mke wa yule mzee anafanya kazi ya kufuma ili wale, na siku moja mabosi wake wanamwongezea mbuzi juu ya ujira. Mume, kwa kuwa haoni, anamsikia mbuzi analia uani, anamshtaki mkewe kwamba ameiba. Mke anamjibu vikali. Nilipolitoa jibu hilo kwa Kiswahili chetu, sebule ililipuka. Mama mmoja, muuza vitenge, alisimama akapiga paja: "Huyu iko muke wa Lubumbashi! Mwanaume haiko na kazi, muke iko analisha nyumba, halafu anaitwa mwizi!" Walinilazimisha kulisoma tena. Jirani yangu, aliyekuwa amekuja kutazama betri, alibaki mlangoni akisikiliza kitabu ambacho kwao hakisomwi, na hakuondoka mpaka mwisho.

Mimi kwa upande wangu nilimkasirikia yule mzee. Akishapofuka anaomba afe. Niliwaambia akina mama: mimi sikuomba kufa. Niliomba herufi kubwa, nikapewa. Baadaye anaponywa kwa nyongo ya samaki, na hapo wote walinigeukia. Nilijua wanachofikiri. Mmoja alisema angeenda kuninunulia samaki sokoni mara moja. "Samaki ulete," nilimwambia. "Tutakula. Nyongo utupe."

Habari zilimfikia Papa Président, na kutoka kwake zikamfikia padri: mama mmoja wa Makomeno anaandika Biblia yake mwenyewe, kwa Kiswahili cha soko, kwenye mashine ya Waprotestanti. Padri alikuja alasiri, bila kutangaza, Papa Président akiwa nyuma yake. Ni kijana kwangu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu, lakini nilimpa kiti na heshima yake. Akaomba asome. Alisoma akipandisha ukurasa taratibu; alipofika kwa yule mbuzi alicheka, kisha akajizuia.

"Mama," alisema, "hii umefanya ni kazi. Lakini usiiite Bible. Tafsiri ya Kanisa inapitia mikono mingi, wanaojua lugha za zamani, maaskofu. Hii haijapita huko. Muisome hapa, musali nayo. Mu misa, hapana. Na usiitawanye mbele haijaangaliwa."

"Nitaiita nini, mon père?"

"Iite maelezo."

"Na Kiswahili yake?" aliuliza Papa Président. "Mon père, hii Kiswahili ni ya kuuzisha tomati. Batoto batasikia neno ya Mungu sawa vile banasikia bantu ba ku soko."

"Batasikia, basi," nilisema. "Leo habasikie kabisa."

Padri alitutazama wote wawili, akasema mambo ya kusoma kwenye jumuiya ni ya jumuiya yenyewe, tupatane. Akabariki nyumba, akaenda. Niliandika juu ya kazi yangu neno "Maelezo", kama alivyosema. Sikulipenda. Ila kila neno chini yake lilibaki pale pale lilipokuwa.

Hatukupatana. Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa nyumbani kwa Papa Président mwenyewe. Kompyuta ya mezani haibebwi kichwani kama beseni. Nilijua nitakwenda mikono mitupu. Kwa hiyo wiki nzima nilifanya nilichokuwa nikiwafanyisha watoto darasani. Nilifungua somo la Jumapili kwenye kioo, herufi zikiwa kubwa kuliko zote, nikalisoma, nikafumba macho, nikalisema, nikakosea, nikarudi. Nililigeuza kwa Kiswahili chetu, nikalimeza hivyo hivyo. Nililisema nikichota maji, nikipepeta mchele. Jirani alinisikia juu ya ukuta, akauliza nagombana na nani.

Nilipoingia kwa Papa Président walinionyesha kiti cha mbele. Nilikaa kwenye benchi la nyuma. Msomaji alisoma kutoka kwenye karatasi, vizuri, kwa Kiswahili cha vitabu. Alipoketi, kabla mtu hajaanza kusema lililomgusa, nilisimama. Nikaanza somo lile lile, kwa lugha yetu.

"Madame," alisema Papa Président, "somo imekwisha kusomwa."

Sikunyamaza.

"Madame, ikala."

Sikuketi. Sura yake sikuiona, palikuwa na doa mahali ilipopaswa kuwa, na huo ndio wakati pekee ambao doa limenisaidia. Niliendelea hadi mwisho, sikuacha hata neno moja, kisha nikasema ile kauli ya kufunga somo, na nusu ya sebule ikaitikia. Si wote. Nusu. Muuza vitenge aliitikia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Kisha mke wa Papa Président, mama mpole ambaye katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akichangia, alisema kutoka mlango wa jikoni: "Leo njo nimesikia."

Akarudi kwenye chai.

Papa Président hakunirudishia usomaji. Afadhali niseme wazi, mtu asidhani nilishinda. Msomaji ni yule mwingine, na anasoma vizuri. Familia mbili zilihamia jumuiya ya jirani kwa sababu yangu. Nikikutana nazo kanisani zinanisalimia kwa ubaridi. Papa Président na mimi tunapeana mkono wa amani kama watu wanaopeana sahani ya moto. Lakini kila Jumamosi, karatasi ikimaliza, ninasimama, na hajawahi tena kuniambia niketi. Sijui kama amekubali au amechoka. Sijamuuliza.

Binti yangu alikuja mwezi uliopita na mahindi mabichi. Alinikuta mbele ya kioo, pua karibu iguse. Alisimama nyuma yangu, akahesabu kimoyomoyo, nadhani, kwa sababu baadaye akasema, "Mama, ku kioo inaingia maneno matatu tu. Mbele yalikuwa mengi."

"Najua. Doa limekua."

"Na yakibaki mawili? Na likibaki moja?"

"Nitasoma moja."

Alivuta kiti akaketi kando yangu, hakutaja Kasungami. Tumeanza kitabu kingine sasa, kile cha mjane anayekata kichwa cha jemadari ili kuokoa mji wake, na akina mama wanafika mapema ili wasikose chochote. Jana tulikwama kwenye neno la upanga. Jirani alisema neno la kwao Butembo, muuza vitenge akalikataa, mimi nikatoa la baba yangu la Kiluba, nalo likakataliwa. Walipoondoka walikuwa bado wanabishana barabarani. Nikaacha nafasi wazi kwenye mstari, nikapita kwenye unaofuata.